Besi ya Baba na Risiva Mbili

Baba yangu alipuliza besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, katika kundi la matarumbeta la usharika wetu kwa zaidi ya miaka ishirini, na miaka yote hiyo jirani yetu, aliyekuwa akipuliza tarumbeta, aliapa kwamba baba hapulizi kitu.

"Anajaza mashavu tu," alikuwa akisema, amekaa kibarazani kwetu, anakunywa mbege yetu ya ndizi. "Lile dude amelibeba kama mtu anayepeleka sufuria harusini."

Ungekuwa utani wa siku moja ungepita. Lakini meno ya mbele yalimtoka baba, besi akapewa mtu mwingine, na ushahidi uliobaki ukawa kaseti moja tu, iliyorekodiwa siku ya jubilei ya kanisa. Tuliipiga kwenye redio yetu ndogo mpaka maandishi yakafutika. Tarumbeta ya jirani ilisikika. Kikohozi cha mama mmoja wa kwaya kilisikika. Besi ya baba, kimya. Spika ya redio ile ilikuwa kama kisosi, sauti nene ingepitia wapi? Jirani alicheka akashika mbavu, na kuanzia hapo kila akija anaomba apigiwe "ile kaseti ya bubu".

Mama ndiye aliyenivuta jikoni nilipopanda mlimani kuwasalimia. "Baba yako ameanza kumwamini yule bwana," akaniambia. "Jana ameniuliza kama mimi niliwahi kumsikia akipuliza. Mimi nilikuwa kwaya, nitamsikiaje?"

Iliniuma. Mzee wa miaka sabini anaulizia kama kweli aliwahi kupuliza kitu! Nikapiga simu kwa ndugu zangu, tukakubaliana Krismasi ile tumnunulie baba muziki wa maana, wenye kutoa besi. Mimi niliyekuwa naishi Njoro, Moshi mjini, karibu na maduka, ndiye niliyepewa kazi ya kuchagua.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni, sasa tulikuwa tunazungushwa na wingi wa vitu. Katika duka moja la Mhindi pale mjini nikakuta risiva mbili, zile mashine za kukuza sauti, zimekaa pamoja, bei ileile. Moja nyeusi, nyembamba, ina taa za buluu zinazopanda na kushuka, rimoti yenye vitufe kama mahindi kwenye gunzi, na spika tano ndogo za kuzunguka chumba. Nyingine ya kijivu, imenuna, ina kinundu kimoja kikubwa cha sauti na spika mbili tu, lakini kila spika inafika kiunoni.

Mimi moyo wangu ulikwenda kwa ile nyeusi, sikufichi. Kaka yangu wa Dar naye alikuwa ameshaamuru kwenye simu: "Chukua yenye spika tano, dada, usituaibishe." Ningeilipia siku ileile, yakaisha. Kosa langu nikamwambia baba. Jumamosi asubuhi akashuka, kavaa koti la kanisani, kaseti iko mfuko wa ndani.

Mwenye duka alimwamkia kwa adabu. "Shikamoo mzee," akasema, kisha akaongeza Kichagga kidogo cha salamu, maana alizaliwa Moshi huyu. Baba akafurahi. Akatoa kaseti, akaizunguka ile risiva nyeusi, mbele, nyuma, pembeni.

"Mdomo wake uko wapi?"

"Haina mdomo, mzee. Hii inapokea tu. Utaunga redio yako ya nyumbani kwa waya, sauti inatokea huku."

Baba akanitazama kama nimempeleka kuposa mahali ambapo hakuna binti. Nikamhakikishia waya ninao, redio yetu ina tundu la spika za masikioni, mambo yatakwenda. Mwenye duka akataka kumwonyesha uwezo wa ile nyeusi, akaweka filamu ya msituni. Jamani! Ndege akalia kwenye kona ya kushoto, akaruka juu ya vichwa vyetu, akatua nyuma kwenye majokofu. Mimi nikageuka kumtafuta. Nikapiga na makofi.

"Ndege wa nini?" baba akauliza. "Ndege ninao nyumbani, wananimalizia mapapai. Hao nawalipia?"

Kisha akafanya kitu ambacho nilipaswa kujua angekifanya. Baba hununua kila kitu kwa kukipima mkononi: jogoo, kabichi, panga, hata Biblia. Akaweka kaseti mfukoni, akainama, akainyanyua ile nyeusi, akaipandisha na kuishusha mara mbili. Akaiweka. Akainyanyua ya kijivu, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Ile nyeusi haina kitu ndani," akatangaza. "Bei moja, uzito tofauti. Hapa kuna mtu anapunjwa."

Mimi hasira zangu ni moto wa mabua, hushika upesi. "Baba, hii siyo jogoo!" nikapaza sauti, duka zima likageuka. "Ni mambo ya kitaalamu! Soma karatasi, imeandikwa hapa!"

Nikaona haya papo hapo, kwa sababu nilijua macho yake hayaoni maandishi madogo, na mimi mwenyewe ile karatasi sikuielewa. Mwenye duka, Mungu ambariki, akatuokoa. "Mzee, nina deki ya kaseti huko nyuma. Tuweke kaseti yako, tusikilize zote mbili, ubishi uishe."

Baba akashika mfuko wa koti kwa mikono miwili. "Hapana. Nikiisikia hapa, yule jirani atasema nimekwenda mjini nikaongezewa besi na Wahindi. Itasikika siku moja tu, na yeye awepo."

Haya sasa! Tumekuja kuchagua mashine ya kusikiliza kaseti, na kaseti haisikilizwi. Nikatazama taa za buluu mara ya mwisho, nikameza mate, nikamwambia mwenye duka atufungie ya kijivu. Kaka yangu alininunia wiki nzima.

Siku ya Krismasi, tulipotoka kanisani na nyama ikiwa bado jikoni, baba akaamuru kila kitu kichomolewe, jokofu na pasi, maana umeme wa kwetu mlimani ukigawanywa unachoka. Nikaunganisha waya. Jirani akaja, akaamkiwa, akaketi kiti kilicho mbele ya spika kama hakimu. Baba akatoa kaseti mfukoni, nikaitumbukiza redioni mimi.

Wimbo ukaanza. Vikombe vya mama kabatini vikagongana, kuku aliyekuwa mlangoni akakimbia. Na chini ya tarumbeta zote, buuu, buuu, buuu, nene, inatembea. Nikamgeukia baba. Alikuwa amefumba macho, mashavu yanajaa na kupungua.

"Unasikia?" akauliza, bila kufumbua.

Jirani akatikisa kichwa. "Nasikia mashine. Dude kubwa namna hiyo, hata ukiliwekea taarifa ya habari litatoa besi. Hiyo siyo yako, ni ya kiwandani."

Baba akafumbua macho. Sijawahi kumwona mtu akizeeka ghafla namna ile. Nilitaka kumtoa yule jirani nje kwa mkono wangu, Krismasi au siyo Krismasi. Ubeti wa pili ukapita, wa tatu ukapita.

Ubeti wa mwisho ukafika mwisho. Tarumbeta zote zikakata pamoja, safi kabisa. Na pale kwenye ukimya, mbele ya askofu na wageni wote wa jubilei, besi moja ikaendelea peke yake: buuuuu! Ikashtuka, ikakatika katikati kama mtu aliyezibwa mdomo. Kikafuata kicheko cha watoto kwenye kaseti.

Jirani akaruka kutoka kitini. "Ni yeye! Haki ya Mungu ni yeye! Aliongeza ubeti! Askofu aligeuka, mchungaji akashika kichwa! Hakuna mwingine, ni huyu huyu!"

Akagundua alichokisema, akakaa taratibu. Mama alikuwa anacheka huku anajifuta machozi kwa kanga, na mimi nilikuwa hivyohivyo. Baba hakucheka. Alisimama, akanyoosha koti, akamtazama jirani, kisha akanigeukia mimi.

"Rudisha nyuma, mwanangu," akasema. "Pale pale nilipokosea."