Ua wa Minyaa wa Mkolani

Juzi kwenye baraza la ardhi walitandaza ramani kuukuu ya Mkolani, nami nikasikia tena harufu ya minyaa iliyokatwa.

Mchana ule wa utotoni mwangu mama, mjane, alikuwa msibani Misungwi. Baba mdogo Masalu alikuja na panga, akaufyeka ua wa minyaa uliozunguka shamba letu. Nilimwamkia, nikamuuliza kulikoni.

"Napanua njia, mwanangu. Shangazi yako anakuja na gari la harusi."

Nilimbebea matawi hadi motoni huku nikiimba, utomvu ukinichoma macho. Gari halikuja. Ua ule ndio uliokuwa mpaka wetu na Masalu; ulipopotea, alililima shamba lote kama lake, na mama akafa akiwa mpangaji mjini, kule Mirongo.

Mimi niliishia darasa la nne, ramani siijui. Mwenyekiti ndiye aliyenionyesha vidoti vilivyozunguka jina la marehemu baba.

"Huu ni ua wa minyaa. Wapimaji waliuchora. Shamba ni lako, mama," aliniambia.

Masalu, siku hizi wa mkongojo, alinong'ona, "Mwanangu, hayo ya zamani tuyaache."

"Shikamoo, baba mdogo," nilimwambia. "Gari la harusi limefika."