Basilla na Kidole cha Dawa

Crispino alikuwa akila jibini kwa vidole vile vile alivyotoka kujikunia kwapa. Naanza na hilo kwa sababu siwezi kueleza maisha ya Basilla, mtengeneza dawa ya macho wa mtaa wetu hapa Emerita, nikamwacha nje mkwe wake huyo, ingawa kumtaja tu kunanichafua roho. Mungu anisamehe.

Basilla tulikua pamoja. Baba yake alisaga dawa za macho karibu na kanisa la Mtakatifu Eulalia, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, kazi alimwachia binti. Lakini kabla hajamruhusu kugusa jiwe la kusagia, alimkalisha akamfundisha mkono wake mwenyewe. Alimshika kidole gumba. "Hiki ni pollex, mwenye nguvu. Ndicho kinachobana mchi." Cha pili, index, mwelekezaji, kilikuwa cha kumwonyesha mgonjwa pa kukaa, basi. Alipofika cha kati alitema mate pembeni. Hicho sote twakiita impudicus, yaani kisicho na haya, kwa tusi ambalo wanaume hulifanya nacho sokoni, nami silielezi. "Hiki kisikaribie chungu hata kwa bahati mbaya," alisema mzee. Na kile kidogo cha mwisho? Auricularis, cha sikio, maana ndicho cha kuchokolea, na kila aliyewahi kutazama kinachotoka humo anajua kwa nini nacho kikae mbali.

Kikabaki kimoja, cha nne. Maharusi hukiita cha pete. Sisi wa mtaa huu twakiita medicus, mganga, kwa kuwa ndicho cha kuchotea dawa ya macho ikishasagwa.

Basilla alikitunza kidole hicho kama padri anavyotunza kikombe cha altare. Pete ya ndoa aliivaa Jumapili tu. Marehemu mumewe alinung'unika, "Mke wangu, watu watasema huna mwenyewe."

"Waseme. Pete hukusanya uchafu chini yake. Nikimtia mtu uchafu huo jichoni, utakwenda kumwongoza njia wewe?"

Akakubali, maana alikuwa mtu mwema.

Sasa uzee ukaja. Majira ya baridi yaliyopita mkono wa Basilla ulianza kutetemeka, na macho yake mwenyewe, masikini, yakaingia ukungu. Ilibidi chungu akikabidhi kwa mtu. Binti yake Quintilla alijua kusaga tangu utotoni, lakini Crispino, mume wa Quintilla, akasimama kidete. "Mke wangu akae dukani, mimi nikae wapi? Nimekuwa mtumwa?" Basilla hakutaka kumvunjia binti yake nyumba. Akasema, "Haya, mkwe wangu, jaribu mpaka Pasaka." Akamfundisha vidole vyote, jina kwa jina, kama alivyofundishwa.

Jamani, Crispino yule. Mguu wake wa kulia nimeuona kwa macho yangu, na ningependa nisingeuona. Wazee husema kidole gumba cha mguuni huitwa mrukaji kwa sababu humrukia jirani yake. Cha Crispino kilikuwa kimemrukia kweli, kikamlalia, na katikati yao pameoza rangi ya kijivu, pameloa kama mkate uliosahauliwa ndani ya maji. Harufu yake ilikuwa ya chungu cha mchuzi wa samaki kilichoachwa juani bila kifuniko.

Wiki moja kabla ya Pasaka nilimpeleka mjukuu wangu Gaudiosa huko dukani. Kila alfajiri kope zake zilikuwa zimegandishwa na matongo. Nilipozilowesha kwa maji ya uvuguvugu yalivutika kama nyuzi za manjano, na mtoto akilia kwamba haoni. Niliogopa atapofuka. Tukakuta watu wamepanga mstari mlangoni, na Crispino amekaa kwenye kigoda, mguu juu ya goti.

Alikuwa akijipaka dawa ya kidonda. Aliisukuma ndani kabisa kati ya vile vidole viwili, akazungusha, akakitoa kidole chake kinang'aa. Kisha, pasipo hata kukifuta kwenye nguo, akakizamisha katika chungu cha dawa ya macho.

"Karibu, mama," akasema. "Mlete mtoto kwanza."

Nilimvuta Gaudiosa nyuma yangu. "Crispino, mwanangu! Kidole hicho!"

Akakitazama, akaniinulia kama anayeonyesha kitu cha thamani. "Hiki? Ni medicus hiki, mama. Au umeniona natumia kile cha tusi?"

"Umetoka kukitia kwenye usaha!"

"Nilikuwa natibu. Sasa kidole cha kutibia nisikitibie? Kila kidole na kazi yake, ndivyo alivyonifundisha mkwe."

Mfinyanzi mmoja aliyekuwa mbele yangu akashika kope zake. "Kumbe tangu juzi napakwa mguu wa Crispino!"

"Ndiyo maana inakutoka harufu ya samaki jichoni," mwingine akamtania, lakini hakuna aliyecheka sana, na mama mfua nguo alishatoka mbio, akatapika mtaroni.

Basilla akatokea chumba cha ndani, akipapasa ukuta. "Nani anatapika mlangoni kwangu?" Nikamweleza. Alinyoosha mkono akasema, "Mkwe wangu, nipe kidole." Akakivuta mpaka puani akakinusa. Uso wake ulikunjamana wote.

Kisha alikipapasa chungu, akakibeba kwa mikono yake inayotetemeka, akamwaga yote mtaroni, juu ya matapishi.

"Zafarani yote iliyokuwamo!" Crispino akapiga kelele. "Mimi nimefuata sheria ya baba yako!"

"Umefuata jina," Basilla akasema. "Hata nguruwe unaweza kumwita Askofu." Nilipiga ishara ya msalaba. Yeye akaita, "Quintilla! Mkono."

Quintilla alikuwa amesimama nyuma ya mama yake na mchi. Pete yake haikutoka, kwa jinsi kidole kilivyonenepa tangu harusi. Walimpaka mafuta ya zeituni, wakazungusha, akauma meno, ndipo ikachomoka. Chini yake palikuwa peupe, pamekunjamana kama tumbo la samaki, na pembezoni mstari mweusi wa utando wa miaka. Nilitazama kando. Basilla alimpa majivu na siki, naye akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Unaivua pete yangu mbele za watu?" Crispino akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Quintilla alimtilia pete kiganjani. "Jumapili nitaivaa, mume wangu. Nawe ukaoshe mguu."

Dawa mpya ilisagwa kuanzia mwanzo, nasi tukangoja. Hakuna aliyeondoka. Gaudiosa alilala mapajani pangu, nzi wakimtua kwenye matongo, nami nikiwafukuza na kuomba. Ilipokuwa tayari, Quintilla alikichovya kidole cha nne, akakipeleka kwanza puani kwa mama yake.

Basilla akakinusa. Akakinusa tena, taratibu.

"Mtie mtoto," akasema.