Asubuhi Jazz Yashindana na Jioni Jazz

Niliondoka Shinyanga kwa sababu Shinyanga ilikuwa imetuchoka. Nawaandikia ninyi wa nyumbani Tabora, mnaodhani huku napigiwa makofi kila siku. Bendi yetu, Asubuhi Jazz, ilikuwa na watu sita, haina tajiri wala klabu nyuma yake. Kiongozi wetu, Luhende, mpiga tarumbeta mzaliwa wa Didia, Usukumani, aliamini kwamba watu hawaji dansini kwa ajili ya muziki, huja kwa ajili ya vituko. Alishawahi kupiga tarumbeta sokoni akiwa juu ya fahali, na fahali akamshusha mbele ya duka la nguo. Alishatangaza dansi la wenye vipara peke yao, na wenye vipara wakanuna. Watu walikuja, wakacheka kituko, wakaenda zao kabla sijafungua kodiani yangu.

Kisha ikaja barua kutoka Geita. Mzee Hamza, msimamizi wa ukumbi wa kambi ya wachimba dhahabu, alitupa Jumamosi moja. Ukumbi ukijaa, tutapiga huko kila mwisho wa mwezi. Usipojaa, ataagiza gramafoni, kwa sababu, aliandika, gramafoni haili ugali. Luhende alitusomea barua ile mara mbili, kisha akasema tukishindwa Geita yeye anarudi Didia kulima pamba, na kila mtu ashike njia yake. Hakuwa anatania, na kwa Luhende hilo lilikuwa jambo geni.

Alhamisi asubuhi tulipanda treni ya Mwanza, dramu ikakaa dirishani kama abiria mwenye heshima zake. Kabla hatujafika Malampaka, Luhende alitufunulia mpango wake. Lazima niwaeleze kwanza kwamba kwa Wasukuma ngoma tamu ni ya mashindano. Vikundi viwili husimama uwanja mmoja, kila kimoja na manju wake wa kukiongoza, na watazamaji huenda wanakovutwa. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Aliyeachwa hufungasha vyombo vyake akaondoka.

"Bendi moja nani ataishangilia?" alisema Luhende. "Tutaingia Geita bendi mbili zinazochukiana."

Yeye na wapiga magitaa wawili wangebaki Asubuhi Jazz. Mimi, Shija mpiga dramu na mpiga manyanga tukawa Jioni Jazz, bendi iliyozaliwa ndani ya behewa la daraja la tatu. Jumamosi jua likizama, tungepatana mbele ya watu, tukaingia ukumbini pamoja.

"Wewe utashindwa," Luhende aliniambia, "maana una uso wa kushindwa."

Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini neno lile lilinikaa rohoni.

Ijumaa tulivuka ghuba kwa pantoni, tukapanda lori hadi Geita. Asubuhi Jazz walikaa mbele juu ya magunia, sisi tukakaa nyuma tukala vumbi, na hakuna aliyemsemesha mwenzake. Tulipofika, Luhende na watu wake walikwenda kulala upande mmoja wa kambi. Sisi tulipokelewa upande wa pili na Mama Kulwa, mwenye hoteli ya chai.

"Mmekuja kushindana na wale wa tarumbeta?" aliuliza. "Yule mrefu anaringa."

"Anaringa sana, Mama Kulwa," nilijibu. Sikuhitaji kuigiza.

Jumamosi asubuhi tuliingia sokoni kwa njia mbili. "Mwangaluka!" Luhende aliwasalimu watu kwa Kisukuma, wakaitikia soko zima. Akawaambia kwamba Jioni Jazz hupiga kama mtu anayeburuta debe tupu. Nami nikajibu kwamba tarumbeta ya Asubuhi Jazz ikilia, kuku hukataa kutaga. Wachimbaji waliokuwa likizo siku hiyo walifurahi kupita kiasi. Kufikia adhuhuri watu wawili walikuwa wamekwisha kushikana mashati kwa ajili ya bendi ambazo hawajazisikia.

Saa tisa alasiri tulisimama kwenye uwanja wa mbele ya ukumbi, wao kusini, sisi kaskazini. Hapo ndipo nilipogundua kosa la Luhende, kosa ambalo mzaliwa wa Didia hakupaswa kulifanya. Alikuwa amenipa dramu. Alidhani tarumbeta inatosha kwa kuwa inasikika mbali, akasahau miguu ya Wasukuma husikiliza nini. Shija alipoanza kupiga, wanawake waliokuwa kusini waligeuza shingo. Alipokoleza, wakageuza na miili. Kufikia saa kumi na moja Luhende alikuwa anapigia magitaa yake mawili na mbuzi mmoja, mishipa ya shingo imemsimama.

Jua lilipokaribia kuzama nilingoja aje tupeane mikono. Mzee Hamza akatutangulia, funguo mkononi.

"Jioni Jazz mmeshinda," alitangaza. "Niliwaita Asubuhi Jazz, lakini ukumbi ni wenu. Wale wafungashe."

Umati ukapiga vigelegele. Nilitaka kusema kweli, lakini nilijua kwamba nikisema, watu wale watajiona wamefanywa wajinga, watakwenda zao, na gramafoni itaagizwa. Nikikaa kimya, Luhende ametimuliwa katika bendi yake mwenyewe.

Luhende alivuka uwanja polepole, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimeshindwa. Naomba kazi katika Jioni Jazz, mimi na wenzangu wawili."

"Muombe kiongozi wao," alisema Mzee Hamza, akaninyooshea kidole.

"Ajaribiwe kwanza!" Mama Kulwa alipaza sauti, na umati wote ukamuunga mkono.

"Piga," nikamwambia.

Alipiga wimbo wetu wa kufungulia dansi, na kwa mtu aliyepuliza tangu saa tisa, aliupiga vizuri mno. Watu wote walinitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo maishani mwangu.

"Piga tena," nikasema. "Sikukusikia."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Midomo yake ilikuwa imevimba. Safari hii alipofika pale pa juu sauti ikapasuka, akaanza upya, ikapasuka tena, ndipo nikamwambia amepata kazi.

"Asante, bwana kiongozi," alisema. Nikampa nafasi ya nyuma, karibu na mlango.

Dansi lilifana. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Mzee Hamza akatuandikia barua: Jioni Jazz, kila mwisho wa mwezi.

Jumatatu tulikuwa ndani ya treni ya kurudi. Luhende alikaa na kitambaa cha maji midomoni. Shija alishauri kwamba tukifika Shinyanga turudie jina letu la zamani. Luhende akatikisa kichwa.

"Geita wanawajua Jioni Jazz. Ukumbi ulijaa, hilo ndilo nililolitaka."

Kwenye stesheni ya Shinyanga mchukuzi mmoja alitutambua, akauliza kama Asubuhi Jazz wameshika Geita.

"Wale walishindwa," Luhende alijibu kabla yangu. "Sisi ni Jioni Jazz, na kiongozi wetu ni huyu."

Mchukuzi alicheka, akidhani ni kituko kipya.

Watu wakiniuliza safari ile ilinifunza nini, huwaambia kwamba ukienda Usukumani usimpe mpinzani wako dramu, nao hucheka. Ninyi wa nyumbani nitawaambia kweli. Mtu yule aliipenda bendi kuliko jina lake, nami nilikuwa na nafasi ya kumstahi mbele ya watu. Ile mara ya kwanza nilimsikia vizuri sana.