Nilivyopaka rangi pipa la moshi kabla baba mkwe hajafika Ruiru

Wakuu, Bwana asifiwe. Namshukuru Mungu aliyenifikisha umri huu nikiwa bado naona herufi za simu. Haya yalinipata mwenyewe, na sitatia chumvi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilitoka Maragoli nikaajiriwa shamba la kahawa Ruiru, tukaishi kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, mimi, mke wangu Rasoa na mtoto wetu Eliza.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na pipa la chuma la kukaushia kuku na nyama kwa moshi. Nje lilikuwa limeliwa na kutu. Ukiligusa, mkono unarudi mwekundu.

Basi ikaja barua. Baba mkwe angefika Jumamosi, na akikuta binti yake anaishi vibaya, atarudi naye nyumbani pamoja na mtoto.

Rasoa akasema, "Baba Eliza, mzee ataanza na hilo pipa. Unamjua."

Nikachukua rangi nyekundu iliyobaki ya mabati, nikaipaka juu ya kutu na masizi. Lilipendeza kweli. Hata nilimwita jirani aje aone.

Jumatano tukawasha moto. Rangi ikafura malengelenge, ikachuruzika, na kuku akanuka mafuta ya taa.

"Mpe mbwa," Rasoa akasema.

Mbwa alinusa, akaenda zake.

Alhamisi baada ya kazi nikapanda baiskeli hadi Thika kwa Njuguna, fundi wa boila niliyekuwa nikiimba naye kwaya. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini, akamwita Mungu kwa Kikuyu.

"Ngai, ndugu yangu. Umemvalisha mgonjwa suti bila kumwosha?"

Akanielekeza, akanichagulia dukani kopo dogo la rangi nyeusi ya boila, isiyoungua kwa moto.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini. Nikakwangua kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kikang'aa. Nikaosha mafuta kwa maji moto na sabuni, nikaliacha likauke juani. Kisha nikapaka nje tu, mara mbili, nyembamba. (Ndani hapapakwi kamwe, wakuu. Humo ndimo chakula kinamokaa.)

Jumamosi asubuhi tukawasha moto pipa likiwa tupu, mpaka harufu ya rangi ikaisha. Ndipo tukaweka kuku.

Baba mkwe alifika saa tisa. Alilizunguka pipa, akapitisha kidole, akakitazama. Kisha akaingia ndani.

Tulipoketi, niliombea chakula, Rasoa akamwekea babake firigisi. Kwetu hiyo ni ya mkubwa wa nyumba, na mgeni wa heshima hupewa.

Mzee akaichukua, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Mwenye nyumba ni wewe. Kula."

Rasoa alitoka nje, nikamsikia akicheka huku analia. Jumatatu mzee alirudi Maragoli peke yake, na kuku mmoja wa moshi mkobani.

Nilichojifunza ni kwamba kutu haifunikwi, inaondolewa. Pia toa majivu kila wiki, maana yanavuta unyevu, na pipa likiwa vuguvugu lipanguse nje kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia. Siku za mvua lifunike.

Ninyi yenu mnayatunzaje? Andikeni hapa chini. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.

Mungu abariki meza yako wewe uliyefika hapa, na asikunyime mgeni wa kuketi naye. Amina.