Mawese Chini ya Mkanda

Elikana, fundi wa taa za wavuvi wa dagaa pale Kibirizi, aliiamini pua yake kuliko mita ya kupimia umeme. Taa iliyoingia maji aliitambua kwa kuinusa tu, na wavuvi wakamsifu mpaka kichwa kikavimba. Sifa zina hasara zake, jamani, hasa zikimfuata mtu nje ya kazi yake.

Ni kwa pua hiyohiyo aliihukumu mashine ya kukimbilia ya Mwalimu Regina wa Gungu. Kiharusi kilimlegeza Mwalimu mguu wa kushoto, akaambiwa atembee kila siku, na mwanawe Oswald akamnunulia mashine atembelee ndani. Mkanda ulipoanza kukwama, Elikana aliupaka mawese. Huku kwetu mawese ni dawa ya kila kitu, kuanzia bawaba hadi ngozi ya mtoto. Baada ya wiki mashine ikazimika, inanuka moshi. Akainama, akanusa, akatamka: "Mota imeungua."

Miezi sita baadaye alikuja kuichukua mota hiyo, apate shaba. Mwalimu alimpa bure. Kabla ya kukata nyaya akaipima, ajue ni koili ipi bado nzima. Zote zilikuwa nzima. Akaufuata umeme nyuma, waya kwa waya, hadi kwenye kidude kinachoruka na kukata umeme mota ikilemewa. Kilikuwa kimeruka tu. Chini ya mkanda, mawese yalikuwa yameungua na kugandana na vumbi kama ukoko wa ugali, mpaka mkanda ukailemea mota.

Angekata nyaya akajiondokea, nani angejua?

"Pole na kazi, mwanangu," alisema Mwalimu kutoka kitini. Sasa hata kusimama alikuwa anashikwa. "Mashine ya watu niliiua kwa unene wangu. Nikaona haya hata kumwambia Oswald. Nimemdanganya kila akipiga simu kwamba natembea."

Elikana akahisi aibu mpaka kwenye kucha.

"Si wewe, Mwalimu. Ni mimi. Ni mawese yangu, na wala sikupima."

Elikana akasugua ubao wa chini ya mkanda ukatakata, akabonyeza kile kidude. Mashine ikanguruma, mkanda ukaanza kwenda polepole. Mwalimu akautazama, kisha akanyoosha mkono.

"Nishike nipande."

Walijaribu mara tatu. Mguu haukuinuka. Mkanda ukaendelea kuzunguka mtupu, na Elikana akakosa ujasiri wa kuuzima.