Godoro la Juu Kabisa

Jumamosi nilipeleka godoro letu la sponji kwenye ghala la kanisa huko Roseville, huku ughaibuni, ambako familia zinazotoka Kongo hupewa vitanda. Tangu mke wangu afariki, godoro la watu wawili limenishinda. Vijana wakalipandisha juu ya rundo, karibu kabisa na dari.

Mara akaingia mkaguzi wa zimamoto. Akatazama juu, akashika kiuno. Vinyunyizio vya darini, vinavyomwaga maji moto ukizuka, vilikuwa vimevalishwa mifuko ya nailoni.

"Nani kafunga hivi?" akauliza kwa Kiingereza. Nikatafsiri.

"Ni mimi," akasema mama msimamizi. "Maji yakimwagika, magodoro yataoza. Wageni watalalia nini?"

"Mwambie sponji huwaka haraka kuliko atakavyokimbia. Mifuko itoke, na rundo lishuke ili maji yapate nafasi ya kutawanyika. La sivyo, nafunga ghala leo."

Mama akacheka kwa uchungu, akaniita baba kwa namna ya kwao. "Papa, mvua ndani ya nyumba! Haya, mifuko itoke." Kisha akanyoosha kidole. "Na lile la juu halina nafasi tena, rudi nalo kwanza."

Lilikuwa letu. Nimelirudisha kitandani. Nilikuwa nimekwenda kulitoa kwa moyo mmoja, na bado sielewi kwa nini nilimshukuru yule mkaguzi hadi akashangaa.