Damari na Tanuri la Kifuku

Damari alizaliwa Umalila, kwenye vilima vya Mbeya vyenye baridi, na baba yake alikuwa mfyatua matofali. Alijifunza kukanyaga udongo kabla hajajua kusoma. Alipoolewa na Jailos, fundi baiskeli wa Uyole, walipanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga. Watoto wakaongezeka, chumba hakikuongezeka. Brayson, mtoto wa kwanza, alifikia kulala miguu ikiwa chini ya meza.

Hatimaye wakapata kiwanja mlimani. Kiangazi chote Damari alifyatua matofali kwa mikono yake, akiuza njegere sokoni asubuhi na kurudi kwenye udongo mchana. Yalipokauka akayapanga tanuri, akaacha midomo ya kutilia kuni. Kabla hajaliwasha, mvua zikawahi. Alifunika kwa nyasi na maturubai, lakini upande mmoja ulirudi kuwa tope mbele ya macho yake.

“Tutasubiri Juni, Mama Brayson,” Jailos alisema. “Hakuna anayechoma matofali kifuku, mvua zikinyesha.”

Damari aliinuka akaenda kukaza maturubai. Wanaomfahamu wanajua kwamba akinyamaza hajakubali.

Februari, akiwa anamenya viazi, alisikia redioni kwamba msimu wa vimbunga kwenye Bahari ya Hindi ulikuwa umepamba moto. Kimbunga kikubwa kilikuwa kimejijenga kati ya Madagaska na Msumbiji, na kilikuwa kinavuta hewa yote yenye unyevu kuelekea kwake. Kwa hiyo, mtangazaji akasema, mvua za Nyanda za Juu Kusini zingepungua kwa siku kadhaa.

“Umesikia, Baba Brayson? Kimbunga kinatuletea jua.”

Jailos alicheka mpaka spana ikamponyoka. “Bahari iko wapi na Uyole iko wapi! Halafu tangu lini kimbunga kikaleta jua?”

Lakini siku zilizofuata anga likawa jeupe, na Mlima Loleza ukaonekana mpaka kileleni. Damari akafunua matofali yake yaanikwe, akarekebisha upande ulioharibika, akaanza kutafuta kuni.

Tatizo ni kwamba jua lile lile lililokuwa likimfurahisha lilikuwa linakausha mahindi ya kila mtu. Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, wakati yanapohitaji maji kuliko wakati wowote. Jumapili, mzee wa kanisa, Mzee Asukile, aliwasimamisha waumini wote waombe mvua. Aliomba kwa machozi. Kanisa zima likaitikia “Amina!” kwa nguvu. Damari naye aliitikia, ila kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge.

Jirani yake Isaka, baba yake Frida, mwenye shamba kubwa la mahindi chini ya kiwanja cha Damari, alikuwa amesimama nyuma yake. Walipotoka nje akamshika mkono.

“Gwe, wewe Damari, mbona Amina yako haikufika hata darini?”

Damari akaona haya, lakini uongo hakuuweza. “Baba Frida, nisamehe. Nimemwomba Mungu mvua ije, ila isije leo wala kesho. Anipe nafasi nichome tanuri langu kwanza.”

Damari akadhani atakasirika. Badala yake Isaka akaangua kicheko, akaegemea ukuta wa kanisa.

“Kumbe mvua yangu imezuiwa na wewe! Basi dawa ni moja tu. Tanuri liwake upesi, ndipo nami ninyeshewe. Kuni unazo?”

“Hazitoshi.”

“Nina miti ya milingoti niliyoiangusha mwaka jana, imekauka vizuri. Kesho naileta.”

Hadithi hiyo ikazunguka mtaa mzima kabla ya chakula cha mchana. Kesho yake, pamoja na Isaka na magogo yake, walikuja watu ambao Damari hakuwaita. Wanawake wa kwaya walikanyaga tope na kukandika tanuri. Vijana wa mashine ya mpunga walileta magunia ya pumba. Mzee Asukile alisimama kando na fimbo yake, akihimiza: “Harakisheni, jamani, mahindi yanakufa!” Jailos, aliyekuwa amecheka, sasa alikuwa ndiye mpasua kuni hodari kuliko wote.

Moto ukashika. Midomo yote ikanguruma, moshi ukapanda wima, na watu wakachoma viazi kwenye majivu, wakila na kutaniana. Walichochea kwa zamu mpaka matofali ya ndani yakawa mekundu kama kaa, ndipo wakaziba midomo kwa udongo.

Wakati tanuri likipoa, redio ilitoa habari nyingine. Kimbunga kilikuwa kimetua pwani ya Msumbiji. Nyumba zilikuwa zimebomoka, na familia nyingi zilikuwa zimejihifadhi madarasani. Damari aliacha kuosha vyombo.

“Hukukiita wewe,” Jailos akamwambia, akimwona alivyobadilika.

“Najua sikukiita. Lakini jua lake nimeliota.”

Jumapili iliyofuata kanisa lilikusanya vitu vya kuwapelekea waathirika. Damari alipeleka blanketi lake jipya, lile alilokuwa amelitunza kwa ajili ya nyumba mpya, na vitenge viwili. Hakumwambia mtu.

Kimbunga kilipokufa nchi kavu, mawingu yalirudi Mbeya. Mvua ya kwanza iliangukia tanuri likiwa bado na joto, likafuka mvuke kama chungu cha makande. Damari alisimama akiangalia, mikono kichwani, akihofia matofali ya moto yasije yakapasuka. Huko chini Isaka alikuwa katikati ya mahindi yake bila kofia, anacheza, suruali imemganda miguuni.

“Ndaga fijo, asante sana, Mungu wangu!” alipiga kelele. “Damari, vipi huko juu?”

“Sijui, Baba Frida! Tutajua tukifungua!”

Walipofungua, tabaka la juu lilikuwa limepasuka. Damari akachukua tofali la chini yake, akaligonga na jingine. Likalia kama kengele, limeiva. Akaligonga tena, kwa raha tu. Jailos naye akaomba agonge.

Isaka alivuna, si kama mwaka uliotangulia, lakini magunia yalijaa ghala. Nyumba ya Damari ilipandishwa baada ya mavuno, ikaezekwa bati, na siku ya kuhamia kwaya ile ile iliyokanyaga tope ilikuja kuimba mlangoni. Watoto walikimbia chumba hadi chumba wakifungua na kufunga milango. Brayson alijilaza sakafuni kwenye chumba chake, akanyoosha miguu mpaka mwisho, akamwita mama yake aje aone kwamba bado haijagusa ukuta.